Jeki Moja, Nzima

Meno yangu mawili ya chini, upande wa kushoto, ni ya bandia. Watu wakiyaona huuliza kama nilipata ajali ya gari. Huwajibu ndiyo, ingawa gari lenyewe lilikuwa limesimama, limezimwa, na halina mtu ndani.

Ilikuwa Machi, mvua zimeshika. Nilikuwa dereva wa mradi wa chanjo, tunatoka Mwanhuzi kushuka upande wa Bukundi, wilaya ya Meatu, mimi na sista wa kliniki na kasha la baridi. Gari ni Land Cruiser hadtopu, ile yenye mkonga wa kuvutia hewa pembeni mwa kioo. Ukilitazama unadhani hakuna pa kulishinda. Lakini Wasukuma wanaujua udongo wao kwa majina. Luseni ni mchanga wa kule juu miinukoni. Ule mweusi wa mabondeni ni mbuga. Mbuga ikikauka hupasuka mpaka mkono ukaingia kwenye ufa. Ikinywa maji, huwa kama ugali usioiva, na tairi hujivika matope hadi kashata zote zikajaa, likabaki linateleza kama kipande cha sabuni.

Saa kumi na moja jioni gurudumu la nyuma kulia lilipata pancha katikati ya bonde. Pancha tu, kazi ya dakika ishirini. Nikatoa jeki.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Miezi miwili kabla, nilipokabidhiwa gari lile, fomu ilikuwa na mstari unaosema: "Jeki – 1 – nzima." Nikatia sahihi. Niliiona imefungwa nyuma ya viti, mpya, nyekundu, imeandikwa tani 3. Ilikuwa ile aina ndefu, nguzo ya chuma yenye matundu na mpini mrefu. Jeki za aina hii zina asili yake: Hi-Lift, ambazo familia ya Harrah ilianza kuzitengeneza mwaka 1905 huko Bloomfield, jimbo la Indiana, Marekani. Yangu ilikuwa nakala isiyo na jina la mtu, iliyonunuliwa kwa sababu bei yake ilimfurahisha mhasibu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Hi-Lift yenyewe, ya inchi 48, huandikwa kubeba kilo 2,100 na ushee. Nakala ikajiandika tani 3! Ningekuwa najua, rangi ile nyekundu ningeisoma vingine.

Kwanza ilizama. Kikanyagio chake ni kama sentimita 10 kwa 18, nami sikuwa na ubao. Nilipiga mpini mara ishirini, gari palepale, jeki ndiyo inayokwenda chini. Sista akaniambia, "Kaka, mbona kama unapigilia msumari?" Nikaweka bapa la koleo chini yake, ikashika. Bodi ikaanza kupanda, lakini gurudumu likabaki limeng'ang'ania tope, kwa sababu jeki ndefu huinua bampa, na springi za gari lazima zijinyooshe kwanza ndipo ekseli ifuate. Gari linazidi kuning'inia juu huku limeegemea nguzo moja nyembamba. Mpaka gurudumu linabanduka giza lilikuwa limeingia, na jeki imeinama kama mtu anayenong'ona.

Tairi nilibadilisha. Kilichoniponza ni kushusha.

Ndani ya kichwa cha jeki ile kuna pini mbili zinazopokezana, kama miguu ya mtu anayepanda mnazi: mmoja umeshika, mwingine unasogea. Springi ndogo ndizo zinazozisukuma pini ziingie kwenye matundu. Tope likiingia humo, pini huchelewa. Wakati wa kupandisha, kuchelewa kwake ni usumbufu tu. Wakati wa kushusha, uzito wa gari unahamia kwenye mpini kila hatua, na kinachouzuia mpini ni mkono wako.

Niligeuza kile kikono kidogo cha kubadili mwendo, nikauachia mpini upande taratibu. Pini haikuingia. Mpini ukanichomoka, ukawa unapanda na kushuka wenyewe, mchi unaotwanga bila mtwangaji, nami nilikuwa nimeuinamia. Sikusikia maumivu. Nilisikia mlio, halafu kitu kama kokoto mdomoni.

Gari likadondokea upande, likalala mpaka ekseli ikafunikwa. Sista alinifunga kwa kitenge chake kutoka kidevuni hadi utosini, nikafanana na maiti anayesubiri jamaa. Usiku kucha alikuwa macho, akimulika kipimajoto cha kasha, maana chanjo zile zilitakiwa zibaki kati ya nyuzi 2 na 8. Alisema ana wagonjwa wawili, mimi na kasha, na kasha lina nidhamu zaidi.

Asubuhi alikuja mzee mmoja na ng'ombe wanne wa plau. "Mwangaluka," akasalimu. Sista akaitikia kwa niaba yangu. Ng'ombe walilitoa gari kwa minyororo ya kulimia. Chanjo zilifika kituoni saa tano, kipimajoto kikisoma 6. Mimi nilifika hospitali jioni.

Niliporudi kazini nilipewa hela ya jeki nyingine. Safari hii nilianza na rula. Nilitoa upepo tairi la nyuma uani, nikapima kutoka ardhini hadi chini ya ekseli: sentimita 24. Namba hiyo ndiyo niliyokwenda nayo Mwanza.

Muuzaji alinitolea jeki ya mafuta ya tani 20. "Bosi, hii inainua hata lori." Ikiwa imelala kabisa ilisimama sentimita 25. Lori ingeinua, lakini chini ya gari langu lenye pancha isingeingia. Nikachukua ya tani 6, sentimita 21 ikiwa imelala, yenye skrubu ya kurefusha juu. Nikamwomba tuijaribie pikapu yake pale mlangoni. Tuliinua, nikachora mstari wa chaki kwenye nguzo inayopanda, tukaagiza chai. Jeki ya kwanza ilishuka upana wa kidole kabla chai haijapoa. Sili zake zilikuwa zinapitisha. Ya pili haikusogea. Nikalipa ya pili. Muuzaji alininunia, na sikumlaumu.

Kisha fundi seremala alinikatia ubao wa mninga, sentimita 40 kwa 40, unene 5. Ukilinganisha na kikanyagio cha jeki ndefu, eneo linaongezeka karibu mara tisa. Huo ubao ni nusu ya jeki, na hakuna duka la vipuri lililowahi kuniuliza kama ninao.

Jeki ndefu bado ninayo, ila si nakala. Ekseli ikifunikwa na tope, ile ya mafuta haina pa kuingia, basi ndefu inainua bodi. Kabla ya kuinua nafunga ekseli kwenye chesisi kwa mkanda, springi zisijinyooshe bure. Pini naziosha kwa dizeli na brashi kila nikirudi kutoka mbugani, na kichwa changu hakipiti tena juu ya mpini. Rafiki yangu mmoja anatumia mfuko unaojazwa moshi wa ekzosi. Kwenye tope na mchanga unafanya kazi vizuri sana, nimeuona. Lakini kwetu miiba ya migunga haiulizi bei ya mfuko.

Mwaka jana nilikabidhiwa gari jingine. Fomu ileile, mstari uleule: "Jeki – 1 – nzima." Nikamwomba karani wa stoo anisubiri. Nikaiweka chini ya ekseli, nikainua gurudumu, nikalishusha mpaka chini, yeye akitazama saa yake. Nikakata neno "nzima", nikaandika "imepanda, imeshuka," ndipo nikatia sahihi.