Subira na Maumivu ya Kifua

Wengi wetu hudhani kwamba mgonjwa anayekataa dawa ya maumivu ndiye mwenye subira zaidi. Mimi nimepasuliwa kifua, na dhana hii naiona ina khatari, khasa kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu.

Hebu zingatia. Mpasuaji hupita baina ya mbavu na kuzitanua ili alifikie pafu. Ukizindukana, kila pumzi hulivuta jeraha. Basi mtu hupumua juu juu, na kukohoa hukuogopa kama mauti. Makohozi yakabaki ndani, sehemu ya chini ya pafu ikanywea, kichomi kikaingia. Maumivu hayo yaweza kumuua aliyenusurika na kisu.

Daktari wa usingizi aliniambia kwamba atanitia mrija mwembamba mgongoni, baina ya mabega, nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, ili dawa ya ganzi ipite kidogo kidogo. (Njia ya kutia ganzi mahali hapo aliieleza Fidel Pagés, mpasuaji wa jeshi la Uhispania, mwaka 1921, miaka miwili baadaye akafa kwa ajali ya gari.) Mama mkubwa akapinga. "Mwanangu, wataka kulemaa?" Khofu yake haikuwa ya bure. Damu au usaha ukikusanyika pale huweza kuuminya uti wa mgongo, na ndiyo maana mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda huulizwa sana kwanza. Lakini hayo ni nadra mno, na wauguzi huzipima nguvu za miguu ili wayagundue mapema. Daktari alimweleza yote kwa adabu, bila ya kumficha, naye akaridhia.

Kesho yake nilikaa kitini, nikakumbatia mto, nikakohoa. Kuuma kuliuma, lakini nilikohoa! Presha ilishuka kidogo na mwili ukaniwasha. Dawa hizo zina tabia hiyo. Siku ya nne mrija ukatolewa.

Siku hizi wengine hutiwa ganzi kando ya uti wa mgongo, upande uliopasuliwa tu, na presha yao haishuki sana.

Mgonjwa wako akiulizwa anaumwa kiasi gani, usimjibie wewe, wala usimwambie ajikaze. Mwulize kama aweza kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Akisema hawezi, mwite muuguzi, hata ikiwa ni usiku wa manane.