Kiongoroni, Mahali Ambapo Pan African Haina Tawi

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kiongoroni huuaga mji Mbagala, hupita Mkuranga, na akifika Bungu huiacha barabara ya Kilwa na kushika njia ya Nyamisati. Hapo gari hukoma, na kuanzia hapo mwenye kupanga wakati wa safari ni maji. Yakijaa, boti huondoka. Yakipwa, abiria huketi juu ya mizigo yao wakasubiri. Nasi tulisubiri, kisha tukapenya katika vijito vya delta ya Rufiji, mikoko ikiwa imesimama huku na huku kama safu za waumini.

Kiongoroni ni nchi ya mpunga, samaki na kamba. Hata hivyo, kilichotushughulisha sisi ni kamba za kuanikia nguo. Palipoanikwa nyavu, palianikwa na jezi: za kijani na njano za Yanga, nyekundu na nyeupe za Simba. Jioni, vijana walijaa kibanda umiza kinachoendeshwa kwa umeme wa jua, wakilipa kiingilio ili waione ligi ya nchi yao.

Tulimkuta mzee mmoja akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu."

Tulimuuliza kama anaikumbuka Pan African.

"Pan? Tuliisikia redioni. Kuiona hatukuiona."

"Na hapa ilikuwa na wapenzi?"

"Hapa usipokuwa Simba, wewe ni Yanga. Pan ilikuwa timu ya watu wa mjini."

Ndugu msomaji, katika maneno hayo machache imo sehemu kubwa ya habari ya klabu hiyo. Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, ilipasuka kwa mgogoro katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1976 waliojitenga wakaunda Pan African. Waliondoka na vipaji vikubwa. Taifa Stars ilipokwenda Lagos mwaka 1980 kucheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, walikuwamo Juma Pondamali, Jella Mtagwa, Leodegar Tenga na Mohamed Rishard "Adolf", wote watu waliopata kuichezea Pan African. Mwaka 1982, klabu ikiwa na umri wa miaka sita tu, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara.

Lakini wakati ule soka lilikuwa la ridhaa. Klabu iliishi kwa viingilio na michango ya wanachama, na kombe halikuleta utajiri. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Watu wa delta waliyapokea mabao ya Pan kwa masikio tu, kupitia Redio Tanzania.

Fedha zilipokuja, zilikuja kwa njia ya picha. Azam ilianza kuirusha Ligi Kuu mwaka 2013, na mwaka 2021 ikatia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Wadhamini nao walizifuata Simba na Yanga, kwa kuwa mfanyabiashara anayetangaza bidhaa huhesabu macho yanayotazama, wala hahesabu makombe ya zamani. Macho hayo yamo Kariakoo, na yamo pia katika kibanda cha Kiongoroni. Pan African wakati huo ilikuwa imeshateremka. Miaka ya karibuni imekuwa ikihangaika katika madaraja ya chini, mbali na fungu hilo.

Pengine mtu atasema: mbona Azam FC, iliyoanzishwa mwaka 2004, haikuwa na matawi vijijini na bado ikawa bingwa mwaka 2014? Ni kweli. Ila Azam ilikuwa na kampuni nyuma yake na uwanja wake Chamazi. Klabu huvuka nyakati ngumu kwa kuwa na umma au kwa kuwa na hazina. Waliojitenga mwaka 1976 waliondoka na wachezaji hodari, lakini umma wa Yanga, uliolelewa kwa miaka 40, ulibaki ulipokuwa. Wachezaji huzeeka. Mtoto wa Kiongoroni aliyezaliwa katika nyumba ya Yanga hupokea upenzi huo kwa baba yake pamoja na shamba la mpunga.

Tunayaandika haya kwa sababu vijana wa pale nao wana timu yao, na tuliwakuta katika mazungumzo ya kuigawa. Chanzo ni jezi na mipira ya msaada: nani aitunze, nani acheze. Waliotaka kujitenga ndio wenye wachezaji bora, na walilitaja hilo mara nyingi.

Yule mzee aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawauliza swali moja: "Mkiwa wawili, boti ya kwenda mechini ataikodi nani?" Hakujibu mtu. Nauli ya boti hulipwa kwa mchango wa kijiji kizima, na kijiji hakina uwezo wa kuchangia mara mbili.

Tulipoondoka alfajiri na maji ya kujaa, hawakuwa wameamua. Mipira ilikuwa bado imefungiwa nyumbani kwa mjumbe, katika gunia moja.