Mashine Iliyotuuliza Nchi

Kwa wengi wetu hapa Ngungu neno “mtandao” lina maana moja: kupanda kilima na simu mkononi na kutafuta mahali ambapo ujumbe utapita. Ndiyo maana vijana walicheka tulipowaambia kwamba kompyuta yao ndogo ya michezo inaweza kuongea na simu bila waya, bila kununua hata megabaiti moja. Lakini waifai siyo intaneti. Ni redio ndogo inayosikika umbali mfupi kutoka chombo kimoja hadi kingine. Intaneti ikiwapo hupita humo. Isipokuwapo, vyombo hivyo viwili bado hupeana mafaili. Nasi tulihitaji hilo la pili tu: kuhamisha michezo na masomo kutoka kwenye simu bila kuchomoa kadi ya kumbukumbu kila mara, maana kadi hizo ni nyepesi kuharibika na duka la kununulia nyingine liko mbali.

Kompyuta yenyewe ni ubao wa Raspberry Pi 3 B+, wa toleo la mwaka 2018, unaotosha kiganjani. Ubao wa kwanza wa ukoo huo ulitoka Uingereza mwezi Februari 2012 ili wanafunzi wajifunze kuandika programu kwa bei nafuu. Wapenzi wa michezo ya zamani waliupokea kwa furaha yao wenyewe: kwa programu ya bure iitwayo RetroPie, ubao huo huiga mashine zilizochezewa kwenye televisheni miaka ya 1980 na 1990. Tuseme hapa, ijapokuwa vijana hawapendi kulisikia, kwamba michezo mingi ya wakati ule bado ina wenyewe, na kuinakili bila ruhusa ni kuchukua cha mtu, hata kama mtu huyo hatafika Masisi kamwe kukiulizia. Tulibaki na ile ambayo watungaji wake waliitoa bure. Inatosha kujaza jioni nyingi, na jioni za hapa zinahitaji kujazwa. Kijana asiye na la kufanya huku bunduki zikipita barabarani hatafutwi na watu wema peke yao.

Waifai ilikataa. Wengine walidhani ubao umekufa, mmoja akapendekeza uuzwe. Tukaamua kuanzia kwenye umeme, kwa sababu mashine yenye njaa hutoa dalili za kila ugonjwa. Ubao huu hutaka volti 5.1 na ampea 2.5; ukishuka chini ya volti 4.63 hivi, alama ndogo ya radi hutokea pembeni mwa kioo. Nayo ilikuwapo, ikiwaka na kuzimika. Betri ya sola haikuwa na hatia: waya wa kuchajia simu ulikuwa mwembamba na mrefu, na umeme ulipotea njiani. Waya mfupi na mnene uliiondoa ile radi. Waifai, hata hivyo, haikuamka.

Ndipo tulipofungua ukurasa wa waifai katika RetroPie na kuusoma kwa utulivu. Uliarifu kwamba nchi haijatajwa, na kwamba kwenye ubao wa aina hii redio itabaki imefungwa mpaka itajwe. Sababu yake ni ya haki. Mawimbi ni mali ya umma, na kila dola hupanga chaneli zipi zitumike na kwa nguvu kiasi gani: Marekani huishia kwenye chaneli ya 11 katika bendi ya gigahezi 2.4, Ulaya hufika ya 13. Mashine isiyojua iliko haina ruhusa ya kusema.

Orodha ya nchi ikafunguka. Kijana aliyeshika kibodi alisimama kidogo, akageuka akatutazama.

Msomaji wa mbali huenda asielewe kwa nini chumba kilinyamaza. Katika chumba kile walikuwamo watoto wa Kihunde, wa Kitembo na wa Kinyarwanda. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kuja kukaa Masisi. Sheria ya 1972 iliwapa wengi wao uraia, ya 1981 ikauondoa, na ya Novemba 2004 ikaurudisha kwa kuhesabu makabila yaliyokuwapo wakati wa uhuru. Katikati ya sheria hizo, mwezi Machi 1993, mapigano yalizuka kwenye soko la Ntoto huko Walikale yakaenea hadi Masisi. Tangu hapo swali “wewe ni wa nchi gani?” limeulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, na wako waliokufa kwa kukosa jibu lililotakiwa. Sisi wazee tunalijua swali hilo kwa sauti ya aliyeliuliza. Hatukujua kwamba watoto nao wanalijua hivyo hivyo.

Kongo imo mara mbili katika orodha: CG ni ya Brazzaville, CD ni yetu. Kabla ya 1997 tulikuwa ZR. Tulimwambia, “Mwanangu, tafuta CD.” Aliitafuta, akabonyeza. Mashine haikumtaka kadi, wala jina la babu yake. Ikajizima, ikajiwasha, na jina la simu likatokea kwenye kioo. Watoto wakapiga kelele kwa lugha zao zote.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Simu ilikuwa ikitangaza kwa gigahezi 5, bendi yenye kasi lakini isiyopenda kuta, tukairudisha kwenye 2.4 ili isikike chumba cha pili. Kisanduku cha bati alichokitengeneza fundi wetu kwa ustadi tulikibadilisha kwa cha mbao, maana chuma huyazuia mawimbi.

Saa ndiyo imebaki. Ubao huu hauna betri ya saa, na pasipo intaneti huamka ukiamini kwamba ni dakika ile ile ulipozimwa. Kila jioni mmoja wa watoto huisoma saa kwenye simu na kuiandika kwa mkono kabla ya mchezo kuanza. Wamekwisha kugombania zamu hiyo, tukalazimika kuandika majina ukutani.