Baada ya Kupewa Mguu

Mtu akipewa mguu bandia tunapiga makofi, tunapiga picha, kisha kila mmoja anarudi kwake. Swali langu ni la baadaye: mwaka ukipita, mguu ule unatembea au umelala uvunguni?

Swali hili nimelibeba tangu likizo iliyopita, nilipokuwa katika utume kwenye vigango vya kati ya Kilosa na Mikumi. Barabara kuu iendayo Zambia inapita Mikumi, malori usiku na mchana. Bodaboda ziko kila kona, na kisukari nacho kinaondoa miguu ya watu kimyakimya. Jumapili moja nilimsindikiza mzee mmoja kwake baada ya ibada. Alipofika tu aliuvua mguu wake, akautundika ukutani, akachukua magongo. "Frateri," akaniambia, "huu ni wa kwenda kanisani. Shambani hauendi." Kigutu kilikuwa kimepungua tangu alipopimwa, hivyo mguu unacheza na kumchubua. Tope la mpunga linaung'ang'ania. Fundi yuko mbali, na nauli ndiyo hela ya mbegu.

Katika daftari la waliompa, mzee huyu amehudumiwa, na ni kweli. Lakini daftari linahesabu miguu iliyotoka, halihesabu hatua zilizopigwa. Plato anafundisha kwamba mpiga filimbi ndiye amwelezaye fundi filimbi ipi inafaa, kwa kuwa anayekitumia kitu ndiye anayekijua. Wahenga wetu walilisema hilo kwa ufupi zaidi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ujuzi wa kutengeneza tunao. Chuo cha TATCOT, pale KCMC Moshi, kinafundisha wataalamu wa viungo bandia tangu miaka ya 1980, na Septemba 2000 Moshi ilipokea mkutano wa kimataifa uliojadili teknolojia inayofaa nchi zenye kipato kidogo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya huduma hii: kumpima mtu, kutengeneza na kumvalisha, kumfundisha kukitumia, kisha kumkabidhi na kumfuatilia. Shirika hilo hukadiria kwamba watu 5 katika kila 1,000 wanahitaji kiungo bandia au kifaa cha kutegemeza kiungo. Wilaya ya Kilosa, Mikumi ikiwemo, ilikuwa na watu zaidi ya 600,000 katika sensa ya 2022. Kwa makadirio hayo, wahitaji ni kama 3,000.

Mfadhili hupenda kulipia mguu kwa sababu unaonekana. Kulipia utafiti wa matokeo yake ni kazi isiyo na picha. Wapo wanaosema kila shilingi ya utafiti ni shilingi iliyonyimwa kilema. Hoja hiyo ina uzito, maana wanaosubiri ni wengi. Lakini mguu uliotundikwa ukutani nao ni fedha iliyotundikwa, na pasipo kuuliza tutaendelea kutengeneza uleule kwa mtu anayefuata.

Tena maswali yenyewe si ya ajabu. Unauvaa saa ngapi kwa siku? Unaumia wapi? Nini kilivunjika kwanza? Umerudi kazini? Yakiulizwa kwa utaratibu, kwa watu wengi, baada ya miezi sita, mwaka na miaka mitatu, majibu yatamwambia fundi abadilishe nini na hospitali ipange wapi siku za matengenezo. Gharama yake ni mtafiti, nauli na subira. Jumuiya ndogondogo zinajua kila mlango. Mhusika akiridhia, zinaweza kumwonyesha mtafiti njia.

Msamaria Mwema hatukumbuki mafuta na divai tu. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa kitakachozidi. Atakaporudi: hapo ndipo huruma yetu inapokatikia, na hapo ndipo ningependa sadaka ya wenye uwezo ielekezwe.