Ndege Kaigonga Ndege

Kiswahili kina utani wake: ndege ni yule mwenye manyoya, na ndege ni ile yenye injini. Kwetu wilayani Serengeti, mkoani Mara, wote wawili wanagawana anga moja. Asubuhi ndege ndogo zinapeleka watalii Seronera na Kogatende. Jua likipanda kidogo, tumbusi nao wanaingia kazini.

Nilipokuwa BTP kwenye sekondari moja karibu na Mugumu, nikifundisha fizikia kidato cha tatu, niliwasimulia wanafunzi habari za Michael Grzimek. Yeye na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, walikuja na ndege ndogo aina ya Dornier, wameipaka milia kama pundamilia, wakawa wanahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa anairusha peke yake. Tumbusi akaligonga bawa, ndege ikaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 24. Mimi nina 22.

Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ndege wa kilo saba anaangushaje ndege nzima?" Fizikia tunafundisha kwa Kiingereza, ila swali linalomkera mtu huja kwa Kiswahili. Tukapiga hesabu ubaoni. Tumbusi wa kilo 7, ndege inakwenda kilomita 200 kwa saa: nishati ya mgongano inakaribia jouli 10,800. Ni sawa na kudondosha mfuko wa saruji wa kilo 50 kutoka mita 22, yaani kama ghorofa ya saba. Darasa likanyamaza.

Injini ikizimika, ndege ndogo haidondoki kama jiwe. Rubani anainamisha pua kidogo ili mwendo usipotee, anaelea huku anatafuta mahali pa kutua kwa dharura. Mwaka 2009 kule New York mabata bukini walizima injini zote mbili za ndege kubwa ya abiria. Rubani Chesley Sullenberger akaitua mtoni Hudson, na watu wote 155 wakapona. Lakini bawa likiharibika, rubani anaweza kukosa hata nafasi ya kuchagua. Na mbuga yetu ukiiona kwa mbali ni tambarare; ukiikaribia ina vichuguu, mashimo na makundi ya nyumbu.

Kwa hiyo kinga kubwa ni kumjua tumbusi. Ni mzito, hapendi kupiga mabawa. Anasubiri ardhi ipate joto, hewa ya moto ipande, naye apande nayo. Anafuata mzoga. Nyumbu wanapovuka Mto Mara na wengine kuzama, hapo ndipo tumbusi wanapojaa, na kiwanja cha Kogatende kiko jirani na mto huo huo.

Kijana wa dawati la nyuma akasema, "Si watiliwe sumu tu?" Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Simba alikuwa ameua ng'ombe wao, na kifuta jasho, alisema, hakinunui hata ndama. Vijijini mwetu, na kule Tarime kunakopakana na hifadhi, si utani: mtu anatia sumu kwenye mzoga akimlenga simba, wanaokufa wengi ni tumbusi. Halafu mizoga mingine inabaki inaoza, mbwa wanaila, magonjwa yanasambaa.

Nikamwambia kuhusu yule baba. Kama kuna mtu alikuwa na sababu ya kuwachukia tumbusi, ni Profesa Grzimek. Badala yake alimaliza kitabu na filamu waliyoianza na mwanawe, "Serengeti haitakufa", iliyopata Oscar mwaka 1960, akaendelea kuitetea mbuga hii pamoja na tumbusi wake. Alipofariki mwaka 1987, majivu yake yalizikwa Ngorongoro, kando ya Michael.

Kijana akafikiri, akasema: "Yule alikuwa profesa, mwalimu. Sisi tulikuwa na ng'ombe wanne." Sikumbishia. Wenzangu mtakaopangiwa Mara, jiandaeni kwa jibu hilo. Hesabu ya mgongano inaisha kwa dakika kumi. Ile ya ng'ombe wanne ndiyo itakayoamua kama tumbusi watakuwepo, na haitafutwa ubaoni kengele ikilia.