Daftari la Mwalimu wa Kwaya

Jirani yangu hapa Chamazi ni mwalimu wa kwaya. Alistaafu kufundisha shule ya msingi miaka kadhaa iliyopita, lakini hakuna anayemwita mstaafu. Jioni tatu kwa wiki sauti yake huvuka ukuta wa nyumba yangu, akiwarudisha waimbaji wa sauti ya tatu kwenye mstari uleule mpaka waupate. Siku ambazo uwanja wa Azam Complex una mechi, kelele za mashabiki huifunika kwaya nzima. Yeye husubiri bao lipite, hugonga meza, kisha huanza upya.

Kwaya yenyewe ni ya mtaa. Ina fundi cherehani, vijana wawili wa bodaboda, mama anayeuza chapati njia ya kwenda Mbande, na askari mmoja mstaafu mwenye sauti ya nne ambayo naamini ingesikika mpaka Rangi Tatu. Huimba harusini na misibani. Mwalimu alijifunza noti za do-re-mi utotoni, kwa katekista wa kijijini kwao, na hajawahi kumiliki kinanda. Sauti ya kuanzia huitoa kooni mwake mwenyewe. Malipo yake ni nauli na, msibani, sahani ya pilau.

Siku moja alibisha hodi kwangu akiwa na daftari kwapani.

"Daktari, samahani kwa usumbufu. Nina swali la kisheria."

Nilimweleza kwamba udaktari wangu si wa sheria. Alitikisa kichwa kwa adabu na kuendelea, kana kwamba sikusema kitu. Wimbo alioutunga kwa ajili ya msiba wa mtoto wa jirani ulikuwa umepigwa kwenye spika za gari la kampeni. Sauti zote nne zilikuwa zake, hata pale besi inapochelewa kidogo ndipo ijibu. Maneno tu ndiyo yaliyobadilishwa: mahali pa jina la Mungu pakawekwa jina la mgombea. Alipowafuata vijana wa spika, wakamjibu kwamba huo ni wimbo wa zamani, hauna mwenyewe.

"Sitaki hela," aliniambia. "Nataka tu wasiseme hauna mwenyewe."

Jibu hilo lilinikumbusha mwalimu mwingine. Enoch Sontonga alifundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, na aliongoza kwaya. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoisimamia wima kila tunapoimba Wimbo wa Taifa. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Nyimbo zake alikuwa ameziandika kwa mkono katika daftari; walimu wa kwaya nyingine wakawa wanaliazima, na hatimaye likapotea. Hata kaburi lake lilisahaulika kwa miongo mingi, mpaka lilipotambuliwa katika makaburi ya Braamfontein na kutangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996, enzi za Mandela. Huwauliza wanafunzi wangu ni nani aliyetunga sauti ya Wimbo wetu wa Taifa. Wengi hutazama dari.

Mtu wa haki atanikumbusha kwamba hapa kwetu wapo waliokumbukwa, na atamtaja Kapteni John Komba. Ni kweli. Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London, nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na nyimbo za Komba ndizo zilizotufundisha namna ya kulia kama taifa. Redio haikuzimwa bwenini. Siasa zake sikuzikubali nilipokua. Nyimbo zake za kampeni ziliniudhi, na bado zinaniudhi. Lakini za maombolezo ni zangu, na siwezi kujifanya vinginevyo. Naye alianza kama mwalimu wa shule, kisha akaingia jeshini, akaiongoza TOT, akawa mbunge kuanzia 2005 hadi alipofariki tarehe 28 Februari 2015. Hakuna kijana wa spika atakayethubutu kusema nyimbo za Komba hazina mwenyewe. Nikijiuliza kwa nini, naona kwamba nyuma yake kulikuwa na jeshi, chama na redio ya taifa. Kipaji alikuwa nacho, tena kikubwa. Ila nakataa kuamini kwamba kipaji peke yake ndicho kilichomhifadhia jina. Jirani yangu ana kipaji na daftari.

Nilimweleza nilichokijua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka huohuo wa 1999. Inailinda kazi tangu inapotungwa, hata kama haijasajiliwa, na ulinzi huo huendelea baada ya mtunzi kufariki. Nilizungumza kwa madaha, nikiri, kama niko mbele ya darasa la mwaka wa kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na nani atanishuhudia, Daktari?"

Nilinyamaza. Waliouimba wimbo ule kwa mara ya kwanza wamehama au wamefariki. Hakuna aliyeurekodi siku ile. Nani hurekodi msibani kwa maskini? Ushahidi pekee ulikuwa juu ya meza yangu: karatasi zilizokunjamana, wino wa buluu uliofifia, na juu ya kila wimbo tarehe aliyoiandika kwa mwandiko wa ubaoni.

Nilimwahidi kulipiga picha daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Kisha nikasahihisha mitihani, nikasafiri kwenda kwenye kongamano, nikaahirisha. Zilipita wiki tano. Hakunikumbusha hata mara moja. Alinisalimia tu kwa heshima ileile, na mimi nikaanza kupita njia ya nyuma.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mwenyewe. Tulikaa barazani kwake, yeye akifunua na kushikilia kurasa kwa vidole viwili, mimi nikipiga picha kwa simu. Nyimbo ni sitini na moja. Tulipofika katikati nikaona kurasa mbili zimechanwa, na ule wimbo wa msiba haupo.

"Kuna kwaya waliuazima," alisema. "Walisema watarudisha."

Kisha akaomba kalamu, akaanza kuuandika upya kwa kichwa, akianzia na sauti ya nne.