Baba, mwana na kompyuta ya gemu

Kwa wiki tatu baba mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alisikia maneno yaleyale mezani: prosesa na kadi ya grafiki. Mwanawe wa kidato cha pili aliyataja wakati wa chai, akayarudia wakati wa chakula cha usiku, na mara moja aliyataja akiwa kitandani hospitali, dripu ikiwa mkononi.

Kijana ana selimundu. Mwaka jana alikuwa golikipa wa timu ya mtaa, hadi mechi moja ya kwenye mvua ilipomlaza wodini siku tano kwa maumivu ya mifupa. Baridi, uchovu na kukosa maji ya kutosha mwilini vinaweza kuamsha maumivu hayo, na jioni ile golini alivipata vyote vitatu. Aliporuhusiwa hakukatazwa mazoezi mepesi, lakini mama yake alificha glavu. Wenzake waliendelea kwenda uwanjani, yeye akabaki dirishani. Kisha akagundua kwamba watatu kati yao hucheza gemu la mpira usiku kwenye kompyuta, kila mmoja akiwa kwao, wakikutana kwa intaneti.

Mama alikuwa na neno moja tu: "Bima kwanza." Bima ya afya ikalipwa. Baba, ambaye ni fundi umeme, akabaki na laki tisa za kazi ya kutandaza nyaya kwenye nyumba moja Kinyerezi. Jumamosi wakapanda daladala kwenda Kariakoo.

Muuzaji wa kwanza aliwakaribisha kwa neno ambalo wazazi wengi wameshaliamini. "Mzee, hii ni i7. Hakuna zaidi ya i7."

Baba alitaka kulipa. Kijana akamvuta shati. "Baba, i7 ya kizazi cha ngapi?"

Ilikuwa i7-3770, prosesa ya mwaka 2012. Ina koa nne. Ile i5-8500 iliyokuwa rafu ya chini, ya mwaka 2018, ina koa sita, na kizazi chake cha nane ndicho ambacho Windows 11 huanza kukikubali rasmi kwa prosesa za Intel. Namba inayofuata baada ya kistari ndiyo inayosema umri wa prosesa, na hapo ndipo fedha za watu wengi hupotelea. Hilo "i7" peke yake ni kama kuambiwa gari ni la milango minne bila kutajiwa mwaka.

Njiani kijana alimfafanulia baba yake kwa lugha ya mpira. Prosesa ndiyo inayokokotoa nani anakimbia wapi na mpira unadunda vipi. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora: nyasi, jezi, mashabiki. Skrini ya kawaida ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikishindwa kuchora kwa kasi hiyo, mchezaji anakatakata na mkwaju unafika golini kabla hujauona. Kwa golikipa, hata wa kwenye gemu, hilo ni tusi.

Duka la pili walikuta kadi ya bei nafuu mno, kibandiko kikisema GTX 1050 Ti. Kijana aliomba iwashwe na GPU-Z, programu ya bure inayosoma kadi ni ya aina gani. Skrini ikaandika neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji akasema programu ndiyo mbovu. Wakaaga kwa adabu.

La tatu ndilo walilonunua: kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye ile i5 ya kizazi cha nane, na kadi ya GTX 1650 ya GB 4. Hapa baba ndiye aliyekuwa mwalimu. Alipiga magoti, akawasha tochi ya simu na kusoma kibandiko cha pawa saplai: wati 260. Kijana alikuwa ameshaanza kutamani kadi kubwa zaidi iliyokuwa kando, inayohitaji waya wake wa ziada wa umeme, na kwenye pawa saplai ile waya huo haukuwepo. GTX 1650 hutumia wati 75, na ile waliyoishika ilichukua umeme wake wote kwenye ubao mama. Baba akapiga hesabu palepale: hata mashine nzima ikila wati 200, saa mbili za gemu hazifikishi nusu ya uniti.

Usiku ule gemu lilikatakata vibaya. Baba alikaa kimya, kisha akaanza kutafuta risiti. "Wametupiga. Kesho asubuhi narudi." Mama hakusema kitu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kijana ndiye aliyezunguka nyuma ya meza. Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la ubao mama, si kwenye la kadi. Prosesa hiyo ina uwezo mdogo wa kuchora wenyewe, kwa hiyo picha ilikuwa inatoka, ila kadi iliyonunuliwa ilikuwa imekaa bila kazi. Aliyechomeka alikuwa baba, fundi wa miaka kumi na minane.

"Usiwaambie watu wa kazini," akasema.

Mama alirudi na jagi la maji la lita mbili na sweta, akaviweka kando ya kibodi. Sharti lake: jagi liishe kabla gemu halijazimwa saa tatu, na kila nusu saa anyanyuke, azunguke sebuleni. Kijana alijimiminia glasi, akavaa vipokea sauti. Wenzake watatu walikuwa wameshaingia, wakimngoja, na wa kwanza kusikika aliuliza kama leo kipa amekuja.

"Nimekuja," akajibu.